Aliyepiga Hodi Kwenye Mapagala

Jina analo, ila Mbulu mjini sote tulimwita Bwana Afya, na mimi nitaendelea hivyo hivyo. Nilimshuku kwa miaka sita. Nilimshuku nikikaanga maandazi asubuhi, nikamshuku kanisani akiwa amefumba macho, nikamshuku hata siku niliyomkuta ameinama barabarani anamfunga mtoto wa watu kamba za viatu. Sababu yangu ilikuwa moja tu: niliamini anakitaka kiwanja cha baba yangu.

Kiwanja chenyewe baba alikinunua mwaka ule vitunguu saumu vilipokuwa na bei. Mwaka ule kila mkulima wa Nambis na Tlawi aliyevuna vizuri alikuja mjini kuanza nyumba. Wengine waliishia kwenye msingi, wengine kwenye madirisha, baba yangu alifika kwenye lenta. Halafu bei ikaanguka, na msimu uliofuata baba naye akaanguka shambani, hakuamka. Mji ukabaki na mapagala kila upande, kuta zisizo na paa, milango isiyo na mbao, nyasi zimeota sebuleni. Watu waliziita nyumba za vitunguu.

Bwana Afya alikuwa anapiga hodi kwenye nyumba hizo. Nilimwona kwa macho yangu. Anasimama pale ambapo mlango ungekuwepo, anasema hodi mara tatu, anasubiri kama mtu anayejua kwamba mwenyeji yuko chumbani anavaa, ndipo anaingia. Hakuna mtu mle, kuna mbwa tu na chupa za gongo. Jirani yangu Mama Elia, muuza mkaa, alikuwa na maelezo yake.

"Yule anaongea na wenye viwanja waliokufa," aliniambia. "Anawaomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kuwanyang'anya. Huoni anavyosubiri ajibiwe?"

Nilicheka, lakini sikulala vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliishia kidato cha pili, nikahamia kwenye chumba kimoja cha pagala letu, nikakiezeka kwa mabati chakavu, nikaanza biashara ya maandazi. Mama alibaki Nambis na shamba. Kwenye ukuta wa sebule, ambayo paa lake lilikuwa mawingu, nilichora kwa mkaa duka langu la mikate la baadaye: kaunta hapa, jiko la kuokea pale, dirisha kubwa la kioo ili mpita njia aone mkate unavyoumuka, aingie mwenyewe bila kuitwa. Mvua ikifuta, nachora tena, na kila nikichora upya naongeza kitu. Kuna mara niliongeza ghorofa. Mtu mwenye duka kama hilo ana kitu cha kupoteza, hata kama duka lenyewe ni la mkaa.

Alikuwa mrefu na mwembamba, mtu wa bondeni kule Hirbadaw, wilaya ya Hanang, watu waliokua nyuma ya ng'ombe. Alivaa gambuti masika na kiangazi. Alitembea na fimbo aliyoichora alama tatu kwa kisu: ya chini ni nyasi zinazovumilika, ya katikati ni onyo, ya juu ni notisi. Hakuhitaji kusema. Anasimika fimbo kwenye uwanja wako, anaitazama, anakutazama wewe.

Watu wa Mbulu walimtania kwa asili yake. Siku moja Mama Elia alimwambia mbele ya wateja, "Mtu umelala na ndama utoto wako wote, leo unakuja kutuambia sisi tuna inzi."

Bwana Afya hakukasirika. Alikaa juu ya gunia la mkaa, akajibu taratibu kama kawaida yake. "Ndama ana mwenyewe, Mama Elia. Kwetu ukimkuta ndama anakula mahindi ya mtu, humpeleki ndama kwa wazee. Unamtazama alama ya sikio, unamfuata mwenyewe hata kama yuko mbali siku mbili. Hizi nyumba zenu zimetoka zizini. Mimi natafuta mwenyewe tu."

"Na ukimpata?"

"Namwambia ng'ombe wako anakula vya watu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote, na nadhani hakuna aliyeielewa mpaka alipoondoka. Wenzake waliomtangulia walikuwa wanawakemea wapangaji, wanawafukuza walevi, wanamwaga dawa ya panya, na wiki inayofuata panya wamerudi na ndugu zao. Yeye mlevi alimsalimia tu akapita. "Panya hajui kusaini," alipenda kusema. Alimtaka mwenye nyumba. Na wenye nyumba walikuwa mbali, mashambani, simu zimezimwa.

Basi aliwafuata kwa miguu. Tlawi, Nambis, kokote, na gambuti zake. Bodaboda alikataa, alisema mtu anayekuja na pikipiki anasikika kabla hajafika, na mwenye pagala anapata muda wa kujificha. Mzee mmoja wa Nambis alijaribu. Pagala lake lilikuwa nyuma ya soko, watu wanachomea takataka mle ndani, na moshi wote unaingia kwa mama mmoja mwenye mtoto wa pumu. Bwana Afya alipofika Nambis, mke wa mzee akasema baba watoto amesafiri, yuko Babati.

"Nitamsubiri," akasema, akakaa, akachukua hindi na kuanza kupukuchua mahindi pamoja na yule mama. Wakapukuchua debe zima hakuna anayeuliza kitu. Mzee alikuwa darini, juu ya mahindi, na vumbi likamwingia puani. Akapiga chafya.

Bwana Afya hakuinua hata kichwa. "Mama," akasema, "Babati siku hizi imesogea."

Alipomfikisha mzee mjini hakumpeleka ofisini. Alimwekea kiti nje ya nyumba ya yule mtoto mwenye pumu, upande moshi unakoelekea. "Kaa hapa mpaka saa sita, mzee wangu. Ukiona ni pazuri nachana notisi." Kabla ya saa tano mzee alishaomba panga na jembe.

Kisa hiki nilisimuliwa na mzee mwenyewe, tena anacheka mpaka anafuta macho. Mimi nilicheka naye, lakini nikiwa njiani kurudi nikawaza: mtu anayeweza kumtoa mzee darini bila kumwita, atashindwa nini kunitoa mimi kwenye chumba kimoja cha mabati?

Kwangu alikuja kwa sababu ya shimo. Baba alikuwa amechimba shimo la choo, halikufunikwa. Likajaa maji ya mvua, yakawa ya kijani, mbu wakazaliana, majirani wakatupa humo kila walichochoka nacho, na mwishowe mbuzi wa Mama Elia akatumbukia. Alitolewa mzima ila hakuwa mbuzi yule tena. Alikuwa anaogopa hata ndoo. Mama Elia, pamoja na maneno yake yote juu ya Bwana Afya, ndiye aliyekwenda kushitaki.

Nikasikia hodi. Mara tatu.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Mwenye nyumba ni nani?"

Hapa lazima niseme ukweli. Nilimwona ameshika lile daftari lake kubwa, kaunta buku lenye jalada la nailoni, na nilishasikia kwamba aliyeandikwa mle anaishia mahakamani. Nikaogopa. Nikasema, "Sijui. Mimi mpangaji tu."

"Pango unampa nani?"

"Baba mdogo. Yuko Tlawi."

Akaandika polepole, akanisomea, nikasaini. Kisha akaenda kupima shimo kwa fimbo, na chura mkubwa akaruka kutoka majanini. Bwana Afya, mtu wa mashimo na mitaro, alipiga kelele kama mtoto akakaa chini kwenye matope. Alikuwa anaogopa vyura. Niligeukia ukuta ili asinione ninavyocheka. Aliponyanyuka akasema tu, "Kesho twende Tlawi, unionyeshe kwa baba yako mdogo."

Kwetu, mtu akifa, mdogo wake ndiye anasimama kusema kwa niaba ya mji wake. Mama hakuwahi kubisha juu ya hilo, wala mimi. Baba mdogo alikuwa na sauti kubwa kwenye vikao, na tangu msiba alikuwa anasema "kiwanja chetu cha mjini" kila alipokuwa na wageni. Siku ile tulipofika alitukaribisha vizuri, akauliza habari za mji, za mvua, za mama. Bwana Afya alijibu salamu zote bila haraka, ndipo akasema.

"Mzee, kile kiwanja kina shimo. Mbuzi ameingia, na watoto wanacheza hapo. Mwenye kiwanja anapewa siku kumi na nne alifukie. Asipofukia anakwenda mahakamani. Huyu binti anasema analipa pango kwako."

Baba mdogo alinitazama kama nimemmwagia maji. "Pango la nini? Mimi sina kiwanja mjini."

"Huna?"

"Sina. Marehemu kaka alimwachia huyu mtoto wake. Mimi nalima tu hapa, kama unavyoniona."

"Una hakika, mzee?"

"Nikudanganye ili nipate nini?"

"Basi andika."

Akaandika. Mimi sina kiwanja mjini, ni cha mtoto wa kaka. Akasaini kwa herufi kubwa, kama mtu anayejisafisha. Bwana Afya akanigeuzia daftari. "Na wewe binti, bado ni mpangaji?"

Niliwaza mahakama, nikawaza pia jiko la kuokea na lile dirisha. "Hapana," nikasema. "Nilidanganya. Ni cha baba, kwa hiyo ni changu."

"Andika."

Tuliporudi sikuwa na furaha hata kidogo. Nilikuwa nimeanza kuelewa, au nilidhani nimeanza kuelewa. Lile daftari lilikuwa limejaa watu wanaokana. Kila mmoja aliliona kama daftari la dhambi, akaona heri dhambi aandikiwe mwingine. Mmoja alitaja jina la marehemu shangazi yake. Mwingine alimpa pagala lake mtu waliyegombana naye kwa mpaka wa shamba, akasaini kabisa, na yule mgomvi akaja mbio na toroli kulifanyia usafi. Mimi nikajiuliza: kiwanja kilichokanwa na wote kinakuwa cha nani? Cha serikali. Na serikali iliyokuwa inatembea pale mtaani kwa gambuti ilikuwa moja tu.

Mama Elia aliniunga mkono. "Anakusanya kwa karatasi. Utaona."

Na kweli tuliona. Mapagala mawili aliyoyaandika yalikuja kuuzwa, yote kwa mtu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wenyewe walisema waliuza kwa hofu ya notisi. Inawezekana. Mpaka leo hilo sijalimaliza moyoni.

Mimi aliniita mara nne. Mara ya kwanza alikuja nimefukia nusu, akasimika fimbo, akasema, "Bado." Nilikuwa nasomba kifusi kwa toroli la kuazima baada ya maandazi kuisha, viganja vimechubuka. Mara ya pili akasema maji yatazama, niongeze. Mara ya tatu shimo lilikuwa sawa, akaonyesha nyasi. Mara ya nne akaonyesha milango, nikaiziba kwa mbao za maganda ili walevi wasilale mle. Hakuwahi kusema vizuri. Aliandika tu, ninasaini, anaondoka. Maandazi yangu nilimkaribisha kila safari, na kila safari alikataa. Hakula kitu kwenye nyumba aliyoiandika. Nikaona hiyo nayo ni alama mbaya. Mtu asiyekula kwako ana mpango na wewe.

Tena alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alituhubiria kuchemsha maji, halafu namwona bombani anakunywa kwa kiganja. Alikuwa mkali kwa taka za watu, na mifuko ya koti lake imejaa betri za redio zilizokufa. Alisema zina sumu na hajapata pa kuzitupa, kwa hiyo anatembea nazo. Mtaro wa nyumba aliyopanga ulipoziba alijiandikia notisi, akaibandika mlangoni kwake, akasaini pande mbili. Watu walicheka wiki nzima. Wenye akili ya kushuku, nikiwemo mimi, tulisema anajiandika ili apate uso wa kutuandika sisi. Hata ofisi yake mwenyewe aliipa notisi kwa ajili ya choo. Nasikia wakubwa hawakufurahi.

Miezi michache baada ya kiwanja kuwa safi, akaja mwanaume mwenye viatu vinavyong'aa, akakipima kwa hatua, mbele na pembeni. "Nimesikia kinauzwa," akasema.

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa mtu tu."

Sikuuliza zaidi, mtu nilishampata. Nikajua ile bado, bado, bado ilikuwa ya nini. Nilikuwa namsafishia Bwana Afya mali yake. Wiki hiyo hiyo Mama Elia akarudi kutoka mnadani na habari kwamba amemwona Bwana Afya Tlawi, kwa baba yangu mdogo, amekaa kivulini anakula ugali na maziwa. Yeye, asiyekula kwa watu. Nilikwenda sebuleni nikakaa chini ya duka langu la mkaa. Sikuchora kitu siku ile.

Kisha akastaafu. Hakuaga. Siku moja tukaona kijana mwingine, na pikipiki, anayewatumia wenye nyumba ujumbe wa simu. Nyasi zikaanza kupanda tena kwenye alama ya katikati. Mimi nikashusha pumzi, nikasema adui ameondoka.

Mwaka jana barabara ya mbele ya kiwanja chetu ikatengenezwa, na ndipo baba mdogo alipokuja. Alikuja na yule mwanaume wa viatu. Wakapita mbele yangu wananyoosha mikono, huku stoo, huku parking. Nikamsalimia baba mdogo, akaitikia, halafu akasema kwa sauti ya vikao, "Mwanangu, tafuta chumba. Mali ya kaka inarudi kwa mkubwa wa mji."

Kwa hiyo aliyekuwa anakiuza ni yeye, tangu mwanzo.

Nilipokataa alinipeleka baraza la kata ili tusuluhishwe. Nikakimbilia ofisi ya afya kutafuta lile daftari. Yule kijana alinisikiliza vizuri tu, akanipeleka stoo. Daftari za zamani zilikuwa chini ya bati linalovuja. Zimeshikamana kama mkate ulioloa. Hakuna karatasi iliyosomeka. Iliyobaki ni kinywa cha mtu mmoja, mtu ambaye mimi mwenyewe nilishamwita mwizi kwa Mama Elia na kwa wateja wangu wote.

Nilimfuata Hirbadaw. Basi mpaka Katesh, kutoka hapo bodaboda, mlima Hanang uko pembeni umejifunika shuka la mawingu. Nilimkuta zizini kwake. Gambuti zile zile. Samadi mpaka kwenye kifundo, na inzi kwa wingi ambao sikumbuki kuuona kabla. Akaona ninavyowatazama.

"Inzi hawa wana mwenyewe," akasema. "Ni mimi."

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, binti wa shimo. Umefuata nini?"

Nikamweleza yote: barabara, viatu vinavyong'aa, baraza, daftari lililooza. Alisikiliza huku anamkuna ndama shingoni. Nilipomaliza nikajikuta nauliza kile nilichokwenda nacho rohoni. "Ulikuwa unakula kwa baba mdogo. Ulionekana."

"Nilikwenda kumwandika choo chake. Kilikuwa kimetitia."

"Na ugali?"

Akafikiri. "Nilikuwa na njaa," akasema. "Nilikosea."

Sikujua niamini lipi. Uso wake haukusaidia, haukuwahi kusaidia. Nikasema, "Nakuomba uje useme kwamba alikikana mbele yako."

"Nitakuja. Lakini nikija nasema yote. Nasema na wewe ulikikana kwanza. Ulisema ni mpangaji, ukataja pango ambalo halikuwepo, ukasaini."

"Hiyo si lazima."

"Kwa nani?"

"Wataona mimi mwongo. Utaniangusha."

"Inawezekana," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anasoma kipimo cha fimbo. "Sasa nije au nisije?"

Nilitamani kurudi. Nilihesabu moyoni: bila yeye, ni neno langu na neno la mkubwa wa mji. Nikiwa naye, ni neno langu lililokwisha kuonekana ni la uongo. Ndama alikuwa analamba kiganja chake. Nilikumbuka kuwa kwa miaka sita nilitaka mtu huyu akamatwe akificha kitu, na sasa nilikuwa nimesafiri siku nzima kumwomba afiche.

"Njoo," nikamwambia. "Alhamisi, saa tatu."

Alhamisi alikuwepo kabla yetu, ameketi benchi la nje, ameosha gambuti. Wajumbe walikuwa wanne na mwenyekiti wao, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo. Baba mdogo alikuja na koti lake la sufu la sikukuu. Alizungumza vizuri, kama kawaida, juu ya ukoo na juu ya marehemu. Kisha Bwana Afya akaitwa, akasimama, akasema yote. Hakuongeza, hakupunguza. Alisema la baba mdogo na akasema langu, na la pango pia.

Mwenyekiti akanigeukia. "Binti, ni kweli ulisema wewe ni mpangaji?"

"Ni kweli, mama. Niliogopa."

Baba mdogo akacheka, akawatazama wajumbe mmoja mmoja. "Mnasikia? Huyu alikikana wa kwanza. Basi kama ni kukana tulikikana wote. Sasa kiwanja ni cha nani, cha huyu mzee wa Hanang?"

Watu walicheka. Hata mimi nilisikia kwamba kasema jambo. Mwenyekiti akamuuliza Bwana Afya, naye ana la kusema juu ya hilo?

"Cha nani, mimi sijui. Haikuwa kazi yangu," akasema Bwana Afya. "Kazi yangu ilikuwa kumwita mwenyewe na kuona nani anakuja. Huyu binti nilimwita mara nne. Mara nne alikuja, na toroli." Kisha akamgeukia baba mdogo kwa adabu kabisa. "Mzee mwenzangu, wewe ulikuja mara ngapi?"

Baba mdogo alivua koti, akaliweka kwenye kiti. Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni, tukasikia shoka lake likishuka mara tatu, mara nne. Baba mdogo akasema anaomba kutoka kidogo, kichwa kinamuuma. Tulimsubiri mpaka saa sita. Mwenyekiti alituma mtu kumtafuta, akarudi akasema ameonekana anapanda njia ya Tlawi. Mama yule akaandika kwamba mlalamikaji ameondoka mwenyewe, akaniambia niende nyumbani kwangu. Alisema hivyo, nyumbani kwangu, bila kuinua macho kwenye karatasi.

Nilitoka nje. Bwana Afya alikuwa ameshasimama uwanjani anatazama choo cha ofisi ya kata kwa jicho ambalo nalijua. Nilitaka kumshukuru, na nilitaka pia kumuuliza kama siku ile Tlawi, alipomwambia baba mdogo aandike, alijua anachofanya. Sikufanya hata moja, kwa sababu mjumbe mmoja alikuja mbio na lile koti la sufu. Baba mdogo alikuwa ameliacha kwenye kiti.

Ilikuwa Juni, na Tlawi wakati huo baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Nilisimama na koti mikononi.

"Bwana Afya," nikasema, "nimpelekee?"

Akanitazama kidogo. "Hilo si la afya," akasema, akaenda zake kutafuta basi la Katesh.

Nikalikunja koti, nikalitia kwapani, nikashika njia ya Tlawi.